Taa Nyekundu ya Stoo

Jumatatu, 4 Julai 1983
Nimenyunyizia miche maji. Nyanya mia mbili, ndani ya stoo, maana nje baridi ya Julai ingeimaliza. Chini ya tyubu nyeupe za taa imerefuka na kupauka. Jirani yangu Mwalimu Kosgei, wa sayansi, anasema mmea hupenda mwanga mwekundu na wa buluu. Nimefunga tyubu moja kwa karatasi nyekundu ya nailoni, ile ya zawadi. Nyingine kwa ya buluu.

Jumatatu, 11 Julai
Iliyo chini ya buluu ni mifupi, minene. Ya nyekundu inapanda mbio lakini haisimami. Nimeziweka tyubu pamoja, juu ya miche yote. Shamba la Cheptiret limeshalimwa. Miche hii ikifa, sina cha kupanda.

Alhamisi, 14 Julai
Kanisani wanasema ati nimefungua baa. Mimi. Taa nyekundu dirishani, basi ni baa. Miaka tisa nafagia kanisa lile. Nina hasira.

Ijumaa, 15 Julai
Askari wa chifu amekuja kuuliza leseni ya pombe. Nikamwingiza stoo. Akatazama nyanya, akakuna kichwa.
"Sasa Mama, si ungeweka tu nyeupe?"
Siweki.

Jumapili, 17 Julai
Jumatano ijayo ilikuwa zamu yangu kupokea akina mama wa kanisa kwa maombi. Mama Ruth, mwenyekiti wetu, ametangaza mbele ya wote kwamba tutakutana kwake. Hakuniangalia. Na sukari nimeshanunua. Wanafiki. Rangi ya taa za baa, si waume zao ndio wanaoijua?

Jumatano, 20 Julai
Nimekunywa chai peke yangu. Mara mbili nimeshika ile karatasi nyekundu niing'oe. Nimeiacha.

Jumamosi, 6 Agosti
Miche imekomaa. Shina nene, majani kijani kweli. Saa kumi Mama Ruth amebisha mlango wa nyuma. Miche yake yote imekufa kwa baridi. Msamaha hakuomba, aliomba nyanya. Nimemfungia arobaini kwa gazeti. Akageukia mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeshaufunga na ufunguo uko mfukoni. Nikamfungulia wa mbele, barabara imejaa watu wanaotoka sokoni. Ametoka polepole, miche kifuani, akiwasalimia mmoja mmoja.

Nimerudi stoo kunyunyizia iliyobaki.