Bosi Ameniuliza Maana ya Maksai

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya Julai inayoingia hadi kwenye mifupa. Niko saiba, duka la intaneti la hapa Adams Arcade. Vidole vimekufa ganzi, lakini nikirudi chumbani na jambo hili kifuani sitapata usingizi.

Mimi ni mwoga. Nimelijua hilo tangu shule.

Ofisi yetu kule mjini huuza bima ya ng'ombe kwa wafugaji wa huko Kikuyu na Limuru. Wiki iliyopita bosi alinipa kazi ya kuandaa kijitabu cha Kiswahili, ili mfugaji ajue anamwekea bima mnyama gani. Nilishukuru. Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa na alikuwa hajaniambia kama nitabaki. Niliandika kwa uangalifu mkubwa: ndama, mtamba, fahali, maksai.

Leo kwenye mkutano akaniamuru niyasome maneno yote kwa sauti, na maana zake. Nilipofika kwenye maksai akainua mkono.

"Hapo ngoja. Hebu rudia."

Nikarudia kwamba ni ng'ombe dume aliyehasiwa, anayefugwa ili avute plau au mkokoteni, au anenepeshwe kwa nyama.

"Hawezi kuzalisha?"

"Hawezi, bosi."

"Sasa tupatie mfano. Usiende mbali, hata hapa ofisini tuko na mmoja."

Kwetu ofisini mwanamume aliyeoa haitwi jina lake. Kuna Baba Njeri, kuna Baba Kevo, na bosi mwenyewe ni Baba Ken akiwa amefurahi. Wafula peke yake ndiye anayeitwa Wafula. Ameoa miaka mingi na hawajajaliwa mtoto. Tunatumia meza moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na chai ya chupa yake hunimiminia mimi kwanza.

Wote wakainamia karatasi zao wakingoja. Ningeweza kusema mfano uko Limuru, kwenye shamba la mtu. Ningeweza hata kujifanya sijaelewa. Nikaiwaza Ijumaa. Nikamwaza mama, ambaye ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni karani Nairobi.

Nikamtazama Wafula.

Sikutaja jina. Nilimtazama tu, kisha nikatabasamu, na hilo likatosha. Walicheka mpaka Baba Njeri akajifuta machozi. Wafula naye alicheka, macho yakiwa kwenye kalamu yake, akaendelea kucheka hata wenzake walipokuwa wamenyamaza.

Bosi akanipiga bega. "Huyu kijana anajua kazi."

Na mimi nilifurahi. Siwezi kuandika vingine, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kufikia saa sita jina lilikuwa limemganda Wafula. Maksai, leta faili ya Limuru. Maksai, utakula nini leo, nyasi? Nilitarajia agombe, au angalau anyamaze. Aliitika. Kila alipoitwa, aliitika.

Alasiri simu ya mezani ikalia. Nikaipokea; ni mke wa Wafula, hupiga karibu kila siku. Mimi humwita shemeji, maana wake za wenzake ni Mama Njeri na Mama Kevo, na yeye hana wa kuitiwa. Wafula alikuwa amekwenda kunawa mikono. Baba Kevo, aliyesimama nyuma yangu, akapaaza sauti kuelekea kwenye ujia.

"Maksai! Simu ya bibi yako!"

Mkono wangu haukuwahi kuziba simu.

Mama wa watu akauliza polepole, "Huyo anayeitwa hivyo ni mume wangu?"

Nikasema ni utani wa ofisi tu, shemeji.

"Wewe ndiye yule kijana anayekaa naye meza moja? Ananiambia una heshima sana." Kisha akauliza tena, "Maksai ni nini?"

"Sijui, shemeji."

"Basi sawa. Nitamuuliza mwenyewe akifika nyumbani."

Akakata. Wafula akaja akijipangusa maji kwenye suruali, akaniuliza kama mkewe ameacha ujumbe. Nilikuwa na nafasi ya kumwonya. Ofisi ilikuwa na kelele, hakuna ambaye angenisikia.

Nikamwambia laini imekatika.

Tulipokuwa tukifunga, bosi alinipitia mezani akasema nisiwe na wasiwasi juu ya Ijumaa, barua yangu iko tayari. Wafula akawa wa kwanza kunipa mkono. Alinipongeza kwa dhati, akasema amekuwa akiniombea. Kisha akavaa koti akaenda zake nyumbani.

Saa hii huenda wamekaa kula. Huenda ameshaulizwa.

Kesho nataka kufika mapema, kabla ya wengine, nimsalimu tukiwa wawili tu. Nimekaa hapa nikiitunga salamu yenyewe, na hata sijui nitamwitaje.