Sampuli Namba Saba

Jumatatu, 3 Juni 2024
Leo nimekabidhiwa rasmi! Mtafiti Eunice ameniachia mifuko kumi na miwili ya mawe ya tope la kale, aliyoyachimba kilimani kwetu, hadi gari lije. Nilimwandikia maombi mara nne. Kwa jiokemia, anasema, maabara itabaini tope hilo lilimomonyoka kutoka mlima upi, na lilinyeshewa kiasi gani kabla halijawa jiwe. Ameahidi kunishukuru kitabuni mwake. Nimempatia maneno kamili: Luka M. Mwigulu, Mtunza Sampuli.

Jumatano, 5 Juni
Mfuko wa saba ni mtupu! Mkamwana wangu Vumilia ni mjamzito, na wajawazito hula pemba, ule udongo mkavu wa sokoni. Kwa kuwa haifai baba mkwe kumhoji ana kwa ana, nilimwandikia barua ya kutaka maelezo, nikaipitisha kwa mke wangu, Mama Nkwabi. Jibu limerudi kwa mdomo: anaomba radhi — jiwe lilikuwa gumu kidogo, ila limemkolea kuliko la sokoni. Tena anauliza: je, namba nane ina mwenyewe?

Alhamisi, 6 Juni
Gari linakuja saa nane. Nimekwenda sokoni Segese, nikanunua pemba kwa Salome, muuzaji wake. Rangi ileile — karibu. Alinipongeza, akasema hakujua kuwa Mama Nkwabi bado yumo kwenye uzazi. Mfuko nimeujaza.

Jumanne, 10 Septemba
Eunice amepiga simu, furaha tele. Mawe kumi na moja yana asili moja. Namba saba peke yake imetoka mlima mwingine kabisa, tena imechakazwa na mvua kupita kiasi! Huenda kitabu chote kikabadilika. Anakuja na profesa kuchimba palepale.
Nimeanza barua ya kukiri. Nimefika "Yah:" tu.

Alhamisi, 19 Septemba
Wamechimba asubuhi nzima. Hakuna kinachofanana na namba saba. Uani kwangu, Profesa Thobias alitoa kipande kilichosalia, akauliza kama yupo mwenyeji anayekifahamu. Nilikohoa. Vumilia, aliyekuwa akileta maji, tumbo mbele, akakipokea. Akakilamba. Mimi hanisemeshi, hivyo akamgeukia mama mkwe wake:
"Mama, hili si la kilimani. Hili ni la Salome."
Profesa akaandika daftarini. Akauliza Salome iko upande gani.
Wote wakanitazama. Nimeomba ruhusa niingie ndani, nitoe ufafanuzi kwa maandishi. "Yah:" — bado hapohapo. Mama Nkwabi anacheka jikoni, namsikia.
Eunice anabisha hodi. Anauliza kama kilima hicho cha Salome kinapandika kwa gari.