Saa za Zambia Kwenye Utafiti Wetu

Jumatano, Tunduma. Mawingu tangu asubuhi lakini mvua haitaki kunyesha, na vumbi la malori limeingia mpaka kwenye kibodi yangu. Nimechoka. Nimekasirika pia, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mimi ni karani wa takwimu kwenye utafiti wa dawa za watoto. Bosi wangu, Dokta Tumpe, ana shahada ya uzamivu na bado yuko mafunzoni: anajifunza kupima jinsi dawa inavyopanda na kushuka kwenye damu ya mtoto, ili dozi za watoto zisiendelee kukisiwa kwa kugawa kidonge cha mtu mzima. Naiheshimu sana kazi hiyo. Ndiyo maana leo inaniuma.

Mama humpa mtoto dawa ya kifafa nyumbani, hutuambia alimpa saa ngapi, kisha tunachukua damu hapa kliniki. Hesabu yote inasimama juu ya saa hiyo.

Wiki iliyopita damu ya Atu, binti wa miaka mitatu, ilikutwa na dawa nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Leo mama yake alipokuja, Dokta alimwuliza mbele ya akina mama wenzake kwenye benchi kama alimpa mara mbili. Akakataa. Dokta akarudia, kwa upole ule unaoumiza kuliko ukali.

"Dokta, mtoto ni wangu," Mama Atu akasema. "Nikudanganye ili nipate nini?"

Dokta akaniagiza nimwondoe Atu kwenye utafiti. Sababu: mama hasemi ukweli.

Nikaandika hivyo hivyo. Mimi huwa naandika ninachoagizwa.

Mama Atu akaja mezani kwangu kusubiri dawa ya mtoto. Akaniomba niharakishe, ana mzigo wa vitenge wa kupeleka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akatazama simu yake. "Afadhali, bado saa tatu, nitawahi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne.

Laini yake ni ya Zambia, kwa sababu wateja wake wako huko, na simu inafuata saa za huko, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Aliposema alimpa mtoto dawa saa kumi na mbili, kwetu ilikuwa saa moja. Tulimtoa damu mapema zaidi baada ya dozi kuliko tulivyodhani, kabla dawa haijapungua. Lazima dawa ionekane nyingi.

Kila mtu Tunduma analijua hili. Ukipanga kukutana na mtu sokoni, kwanza unauliza, saa za wapi? Fomu yetu iliandaliwa Dar es Salaam, haiulizi. Na mimi, mzaliwa wa hapa, nimewahoji akina mama wote wa utafiti bila kuuliza.

Sista Grace, muuguzi wetu, akapita. "Karani, mbona unatoka jasho kama wewe ndiye unayesubiri sindano?" Mama Atu akacheka. Mimi nilishindwa.

Mchana nikamweleza Dokta. Nilifunga mlango kwanza. Nilitegemea hasira, lakini alikaa chini taratibu kama mgonjwa.

"Elia, kesho nawasilisha kwa msimamizi wangu. Hili tuliache kwanza."

Nikamwambia wapo akina mama wengine wenye laini za Zambia.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana."

Namwelewa. Akilisema, atarudi nyuma sana, pengine mafunzo yatakwisha kabla ya utafiti. Na mkataba wangu unahuishwa kwa saini yake. Lakini kutokana na namba hizi kuna daktari atakayempimia dawa mtoto kama Atu. Na Mama Atu ameondoka hapa akiwa mwongo mbele ya jirani zake.

Msimamizi huzungumza nasi kwa video. Kabla ya kuaga hutuuliza sote, hata mimi, kama kuna tatizo lolote kwenye takwimu. Huwa najibu haraka, "Hamna, Profesa," ili aniache apite kwa mwingine.

Kesho nikijibu hivyo, nitakuwa nimemwita Mama Atu mwongo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Naogopa. Ila sitajibu hivyo.