Karata Moja ya Mjomba Dobi

Dukani kwa Dobi,
Jumatano, kabla ya mashati ya benki kuchukuliwa

Kwa mpwa wangu Bi Ngazi,

Kabla hujasoma mbele, kaa vizuri ujue unaandikiwa na nani. Mjomba wako si dobi wa kuambiwa dobi ukaishia hapo. Bila mimi mji huu haufunguliwi asubuhi. Meneja wa benki hatoki kwake mpaka shati lake lipite mkononi mwangu, na hakimu naye ni vivyo hivyo. Siku ile nilipougua mafua, kesi zote ziliahirishwa. Wenyewe walitoa sababu nyingine, lakini joho la hakimu lilikuwa kwenye kamba yangu, linadondoka maji, na mimi nilikuwa kitandani. Jumlisha mwenyewe.

Baada ya hayo, salamu zangu zikufikie wewe na mama yako, dada yangu, na huo mguu wako naupelekea salamu zake peke yake. Sisi huku wazima. Mkazamjomba wako ananenepa na kunisema, ndiyo dalili ya afya kwake. Watu wakiandika barua husema hofu ni kwako wewe uliye mbali, halafu wanaenda zao kula. Mimi safari hii hofu ilikuwa kwako kweli, wiki tisa mfululizo, hadi nikachoma suruali ya bwana harusi mahali pa kukalia. Juzi mama yako aliposema umetoka kitandani hadi barazani kwa miguu yako miwili, mguu umenyooka kama rula, nilikaa juu ya kapu la nguo chafu nikacheka peke yangu. Wateja wawili walichungulia wakaondoka taratibu.

Sasa kwa kuwa umepona, kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mkazamjomba wako, maana yule akinisimulia hunifupisha.

Unakumbuka ulivyoanguka kwenye ngazi ukipaka rangi dari ya ule ukumbi, mfupa ukaunga upande, madaktari wakataka kuuvunja upya waunyooshe. Ukakataa katakata. Mama yako alinipigia huku analia, akasema ukikawia mfupa utakomaa hivyohivyo, ngazi hutapanda tena, na fundi rangi asiyepanda ngazi atapaka nini, miguu ya meza? Akaniomba niseme nawe, kwa kuwa katika ukoo mzima mimi ndiye unayenisikiliza. Hapo dada yangu hakukosea. Nikakupigia, na badala ya kukushauri kama mtu mzima, nikakutolea karata.

Karata yenyewe ilikuja hivi. Kazi ya dobi huanza mfukoni, kabla ya maji na sabuni. Unapapasa kwanza. Mimi nimekwisha kutoa mifukoni mwa watu meno ya bandia, barua za mapenzi za watu wawili kwa mtu mmoja, na mara moja kuku hai, usiniulize. Basi kwenye koti moja zito la kike nikatoa karata, kubwa kuliko hizi tunazochezea. Mwenye koti hakurudi. Nikaitazama: kijana kasimama kwa mguu mmoja juu ya ubao, mguu wa pili kaukunja, mikono kaiweka nyuma, kichwa kinang'aa kama taa, nywele zimesimama. Nikajua papo hapo kwamba huyu yuko katikati ya dansi na nywele zimemsimama kwa raha. Nikambandika kwa pini ukutani, juu ya meza ya pasi.

Mteja wa kwanza kuiuliza alikuwa mwalimu aliyefuata suruali. Nikamwambia ni karata ya ramli, na nikamtaka aseme jicho lake limeangukia wapi kwanza. Akasema kichwani. Nikamwambia basi kichwa chako kitakung'arisha. Mwezi haukuisha akapewa umwalimu mkuu. Kuanzia hapo, mpwa wangu, watu walikuwa wanachafua nguo makusudi ili waje. Aliyeona mikono kwanza nilimwambia kuna kitu anaficha, na kila mtu anaficha kitu, kwa hiyo sikukosea hata siku moja. Aliyeona mguu uliokunjwa nilimpa safari. Muuza magazeti wa mlango wa pili alinikejeli, akauliza wapiga ramli wenzangu wana karata sabini na kitu, mtu atachaguaje kwenye karata moja? Nikamjibu kwamba hata mama hukuchagua, unaye huyohuyo mmoja, na kila siku unamwelewa upya. Alikuja kesho yake na shati safi.

Kwa hiyo nilipokupigia, nilikwambia umetokewa na mcheza dansi. Mguu aliokunja ndio wako, madaktari wataukunjua, na utacheza. Ukauliza kama naapa. Nikaapa kwa pasi yangu. Kesho yake ukatia sahihi ya kupasuliwa.

Siku mbili kabla ya upasuaji akaingia mwenye koti. Mama mmoja mwembamba, hereni kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisema alikuwa safarini miezi minane. Kabla hajauliza koti akaangalia ukutani, akataka kujua kwa nini yule mtu nimembandika juu chini. Nikamwelewesha kwa adabu kwamba miguu yake iko chini na anacheza. Yule mama alicheka mpaka akaishika meza, akaondoa mkono haraka, ilikuwa bado ya moto. Kisha akang'oa pini, akaigeuza karata.

Bi Ngazi, niliona kamba. Kijana kafungwa kamba kwenye kifundo cha mguu, ananing'inia kichwa chini. Ule ubao wa dansi ulikuwa tawi la mti. Nywele hazikusimama kwa raha yoyote, zilikuwa zinaning'inia kama yeye. Na chini kulikuwa na jina lake kwa lugha ya kigeni, yule mama akanisomea: Mtu Aliyening'inizwa. Maandishi hayo miezi yote nilikuwa nikiwaambia wateja ni hati ya watu wa kale, ndiyo maana herufi zinasimama kwa vichwa.

Jasho lilinitoka ambalo pasi haijawahi kunitoa. Nikauliza kama amekufa. Akaniambia nitazame uso. Nikatazama, uso umetulia tuli kama wa mtu aliyemaliza kula. Akanieleza kwamba yeye ni msomaji wa taroti, ndiyo karata hizo, na huyu mtu watu humwogopa bure. Si karata ya kifo. Ni ya mtu aliyekubali kusimama, akajiacha mikononi mwa wengine na mwa muda, akaiona dunia kutoka upande ambao hajawahi kuuona. Ukimbandika kama nilivyombandika mimi, ndipo anakuwa mkaidi, anayefurukuta na kuahirisha. Akauliza kama kuna mtu nimemsomea. Nikasema hapana, si sana. Akachukua koti na mtu wake, akaondoka.

Maelezo yake niliyasikia, lakini akilini mwangu ilibaki kamba tu. Nikashika simu nikuambie, nikaiweka, nikaishika tena. Nikikuambia, utafuta sahihi na mguu utabaki upande. Nisipokuambia na yakaharibika, basi mimi ndiye niliyekuning'iniza. Nikamweleza mkazamjomba wako. Akasema nimwache mtoto apasuliwe na daktari, nisimpasue mimi kwa mdomo. Nikanyamaza. Usidhani ilikuwa busara, niliogopa.

Siku ya upasuaji ndipo suruali ya bwana harusi ilipoungua. Jioni mama yako akapiga, akasema umetoka salama, ila mguu wameufunga mkanda wakauning'iniza kwenye chuma juu ya kitanda. Nakuapia, simu iliniponyoka ikazama kwenye beseni la wanga, na mpaka leo imekauka kama kola. Nikawa nikiazima ya muuza magazeti, naye anasikiliza kila neno. Kila nikipiga swali langu lilikuwa moja: uso wake ukoje? Mama yako alidhani nimerukwa na akili. Alisema uso umetulia, unalala vizuri, unalalamikia uji. Nikishaambiwa umetulia naweza kupiga pasi mpaka kesho yake, halafu hofu inarudi, nagonga tena kwa muuza magazeti.

Basi hilo ndilo nililokuficha. Dansi niliyokuahidi haikuwepo kwenye karata. Nilikupeleka kwenye kisu kwa picha iliyogeuzwa, na ungeharibika ningekuwa sina pa kuweka uso wangu. Nisamehe. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa herufi kubwa, nimeanza kuona vizuri. Lakini nimefikiri sana, nikaona kuwa sahihi uliitia wewe na kuning'inia ulining'inia wewe, wiki zote hizo bila kufurukuta. Hapo mjomba wako hana sifa ya kuchukua, na unajua nikiiona sifa siiachi. Ramli nimeacha. Mwalimu mkuu akiuliza namwambia karata iko likizo.

Msalimie sana mama yako, mwambie nadai mapumziko kwa machozi yake yote niliyoyasikiliza. Mkazamjomba wako anakusalimu, anasema usipande ngazi mpaka daktari aseme, na akisema, panda ngazi fupi kwanza. Muuza magazeti naye anasalimu, anakufahamu sasa kuliko ndugu zako.

La mwisho, na hili libaki kati yetu. Niliposikia umetembea, nilijiambia kama mtoto wa dada yangu amevunjwa mfupa akakaa kimya, mimi nitashindwa na jino? Maana nina jino bovu mwaka wa pili sasa, watu wote nimewaambia ni jeraha la ngumi, nilipigana na watu sita. Nikaenda kwa daktari wa meno, nikakaa kwenye kiti, akanifunga kitambaa kifuani. Alipogeuka kuchukua koleo, nilitoka mbio mpaka dukani, nacho shingoni. Nimekifua, nimekitia wanga, nimekipiga pasi. Kipo hapa mezani, kimekunjwa vizuri sana, na sina ujasiri wa kukirudisha.

Wako mwenye furaha na shavu lililovimba,
Mjomba Dobi