Mgomba Uliovaa Koti la Ngige

Taranto, Italia
14 Mei 2006

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, na bibi mzee ninayemtunza anajikokota. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya Kitale?

Jumapili zangu zote naishia barabarani, picha ya kaka Ngige mkononi. Mitaa ya matajiri nimeimaliza. Huko wanafungia madirisha hata jua. Mtaa wa stesheni pia, Waafrika wenzetu wanatikisa kichwa tu. Umebaki Mji Mkongwe, ule wa kisiwani ng'ambo ya daraja. Nusu ya nyumba hazina watu, na vichochoro ni vyembamba hadi mabega yanagusa kuta. Wananikataza kwenda peke yangu. Nitaenda. Miaka miwili bila barua yake tangu avuke bahari isikukatishe tamaa.

Bintiyo,
Waruguru

Kitale
11 Juni 2006

Waruguru mwanangu,

Mgongo ni ule ule, mahindi yamefika magotini, tunamshukuru Mungu.

Usinikasirikie. Barua yako iliniliza, nikamsimulia jirani yetu Mama Wekoye. Akasema kwao Kamukuywa mtu akipotelea majini hukatwa mgomba ukazikwa badala yake, apate kupumzika. Sisi hatuna desturi hiyo, na pasta nimemficha. Lakini nimechoka kumwekea sahani. Jana Jumamosi, saa nane mchana, tuliuvisha mgomba koti lake la buluu tukauzika kando ya ghala. Usimtafute tena.

Mamako

Taranto
2 Julai 2006

Mama,

Natumaini u mzima. Mimi sijui kama ni mzima.

Barua yako ilifika Ijumaa. Leo nilivuka daraja hata hivyo, nimuage tu. Mama mmoja mwokaji mikate alitazama picha akacheka. Ngige ni mpangaji wake, anashona nyavu, haandiki nyumbani kwa aibu ya kukosa karatasi za kuishi huku. Kisha akaacha kucheka. Jumamosi tarehe kumi Juni, saa saba mchana, ambayo ndiyo saa nane yenu, Ngige alilalamika kifua kizito na mdomo kujaa udongo. Akatoka kutafuta hewa. Hajarudi.

Nimeonyeshwa kitanda chake. Kina udongo mwekundu, Mama, na udongo wa huku ni mweupe kama chokaa.

Fukua. Siku hiyo hiyo upatapo barua hii.

Bintiyo

Kitale
19 Julai 2006

Mwanangu,

Huku hatujambo, kwa mwili tu.

Tumefukua leo Jumatano, mchana kweupe. Mgomba haukuwemo. Tulikuta koti peke yake, limelowa chapachapa, na mvua haijanyesha wiki nzima. Nikalionja. Ni maji ya chumvi. Nimelianika uani.

Nilikosea. Aliyetaka kupumzika ni mimi, nikasingizia ni yeye. Muulize huyo mwokaji kama mtoto wangu amerudi.

Mamako

Taranto
6 Agosti 2006

Mama mpendwa,

Mimi sijambo. Kaa chini kabla ya kusoma.

Amerudi. Mwokaji anasema aliingia Jumatano ile ile mchana, akitetemeka, akaomba chai ya maziwa. Leo nimemkuta dirishani na nyavu zake, kucha zimejaa udongo mwekundu. Nikamwita kwa jina. Aliniangalia kwa upole kama mtu anavyomwangalia mgeni, akanijibu kwa Kikuyu chetu: "Ngige alizikwa kando ya ghala. Mimi nimekuja tu kulala kwake."

Sikuwa nimemtajia ghala. Nilikuwa nalia nikitafuta mlango, ndipo akaniuliza kama mgongo wako umepona.

Bintiyo,
Waruguru