Mama, Huko Mchakato Kuna Mabati Yetu

Mama yangu uliyelala chini ya mkorosho wa babu,

Juzi tumepata rais mpya. Nimekukumbuka, maana wote waliotangulia waliapishwa ukiwa umekaa wima mkekani, redio mapajani, unaitikia "amina" kila walipomtaja Mungu. Nikikucheka, unanikatiza: "Nyamaza wewe! Mtu akishaapa kajifunga."

Unaikumbuka zahanati yetu? Ilifika linta, pale juu ya madirisha, ikasimama. Ukamwendea mwenyekiti wa kijiji kuulizia mabati. Akakujibu, "Mama, mabati yako kwenye mchakato." Ukarudi umechangamka. Kiswahili ulikipokea ukubwani, Kimakonde kikiwa kimeshajaa mdomoni, na neno hilo hukuwahi kukutana nalo. Ukaniuliza, "Mwanangu, huko Mchakato ni mbele ya Masasi au nyuma?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakwambia ni mbele, mbele kabisa. Ukasema, "Basi barabara ikikauka watafika." Tangu hapo kila lori likipita unachungulia. Nisamehe.

Ulipougua tulikupakia kwenye bodaboda kwenda Mtwara mjini, dereva mbele, mimi nyuma, wewe katikati umeegemea mgongo wa mtu usiyemjua. Tulipopita zahanati uligeuza shingo kutazama paa. Hapakuwa na paa. Mjini hatukufika.

Siku ya kuapishwa huyu mpya nilikwenda kijijini kumwona Somoe, mdogo wangu, ana mimba ya miezi minane. Mwenyekiti, yuleyule, alikuwa ameweka televisheni nje ya zahanati. Kuta kazipaka chokaa, kama kila anapoapishwa mtu. Nikachungulia chumba cha kujifungulia: kaanika korosho zake.

"Sakafu ya saruji hii, ndugu yangu, inakausha vizuri," akaniambia, haya hana.

Nikageuka, Mama, nikarudi nje kwenye televisheni.

Rais akaapa, kisha akasema hakuna mama atakayejifungulia njiani. Vigelegele! Somoe akanikonyeza: "Kaka, mwambie basi huyu mtoto asubiri." Nami, mwanao mjanja, niliyejisomea magazeti ya kufungia maandazi nikadhani nimeshawajua wanasiasa wote, nikashtuka mikono yangu inapiga makofi. Kwa nguvu! Korosho za mwenyekiti zilinichefua, lakini kinyaa nilichojionea mwenyewe mpaka leo hakijanitoka. Maana sikuwa natania. Nusu dakika nzima nilimwamini, kama wewe na redio yako.

Televisheni ilipozimwa nikamwuliza mwenyekiti, mabati vipi?

"Aa, sasa utawala mpya, na mchakato mpya."

Nikamchukua Somoe siku hiyohiyo, akae kwangu Magomeni, pale Mtwara mjini, jirani na hospitali, mpaka ajifungue. Bajaji ilipopita zahanati naye akageuza shingo. Halafu akaniuliza, "Kaka, hivi mama alikuwa anasemaje? Mchakato ni mbele ya Masasi au nyuma?"

Safari hii sikucheka.

Mama, nilikudanganya, si mbele ya Masasi. Nadhani ni huko uliko wewe, maana kila kilichotajwa kuwa kiko Mchakato hatujakiona tena huku. Basi ukiyakuta mabati yetu, mtu yeyote asikuondoe kwa maneno matamu, hata akiapa. Yakalie.

Mwanao mbishi, aliyepiga makofi