Maji ya Bomba Kwenye Chupa Yangu

Jumamosi, baada ya magharibi

Shangazi kanimaliza. Kaona chupa yangu ya maji mekundu ya shamba la chumvi imepungua, akaijaza maji ya bomba. "Yalikuwa yanakauka, mwanangu." Nilishindwa hata kukasirika.

Vijidudu wanaoyatia maji hayo rangi nyekundu huishi kwenye chumvi kali tu. Maji ya bomba huwapasua. Na ninachokitaka ni protini ya kwenye utando wa seli zao, inayonasa mwanga na kusukuma chaji ya umeme kutoka ndani ya seli kwenda nje. Mwalimu anataka kuiona ikifanya kazi Jumatatu, na mashamba yote ya chumvi yameshavunwa, hakuna maji mengine ya kuchota.

Rangi bado ipo. Labda protini imesalimika. Lakini seli zikishapasuka hakuna tena ndani wala nje. Itasukuma kutoka wapi kwenda wapi?

Shangazi kapita sasa hivi. "Unaona ilivyojaa?"

Naona, shangazi.